Ukitaka kumfuata mtu kwenye wokovu, mfuate mpaka Jumatatu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mi nakaanga samaki hapa Bagamoyo, ufukweni karibu na soko la samaki, huu ni mwaka wa 14 sasa, na kanisani nimepewa kina dada, wale waliomaliza shule wapo wapo wanatafuta maisha. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, mama mi natamani kukua kiroho ila sina mtu wa kunishika mkono, nifanyeje? Na kwa wakubwa wenzangu linakuja la pili, nimepewa vijana niwalee ila mi sio mchungaji, naanzia wapi? Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka mingi, leo nimeona niandike yote kwa mpigo, hatua kwa hatua kama nilivyofundishwa na kama nilivyokosea, maana haya mambo nayaona ndo yanabeba kanisa kuliko hata mikutano mikubwa tunayofunga maturubai.

Kabla ya hatua zenyewe tuutazame mstari ambao kila mtu anaunukuu, 1 Wakorintho 11:1, Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo. Watu wanausoma kama umesimama peke yake, ila ukumbuke Paulo hakuandika sura, mgawanyo wa sura uliwekwa na watu baadaye sana, miaka ya 1200 huko. Kwa hiyo huo mstari ni mkia wa maneno marefu yaliyoanzia sura ya 8, na hayo maneno yanahusu chakula! Nina haki ya kula hiki, lakini kama kinamkwaza mwenzangu naacha. Mstari wa mwisho wa sura ya 10 anasema hatafuti faida yake mwenyewe bali ya wengi wapate kuokolewa, alafu ndo anasema nifuateni. Yaani anachotaka tumwige ni kuachia haki yake kwa ajili ya mtu mwingine. Hajasema niigeni ninavyohubiri. Ukishika hapo, mengine yote nitakayoandika utayaelewa kirahisi.

Hatua ya 1. Mjue Yesu kwanza kwa macho yako.

Usianze kutafuta mtu wa kumfuata wakati Yesu mwenyewe unamsikia kwa watu tu. Chukua Injili ya Marko, ina sura 16, soma sura moja kwa siku, nusu ya mwezi umemaliza. Ukimaliza rudia. Soma ukiangalia anavyofanya, anamgusa nani, anamjibuje mtu aliyemkatisha njiani, anaenda wapi akichoka. Bila hicho kipimo mtu yeyote mwenye sauti kubwa atakuchukua. Hapa sina la kuongeza, fanya tu.

Hatua ya 2. Chagua mtu, na uchague taratibu.

Nikiwa binti wa miaka 19 alikuja mhubiri mmoja kwenye mkutano wa injili, simtaji na wala sio lazima mumjue. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, akitaja jina la Yesu anavuta pumzi kwanza, alafu anajipangusa jasho na leso nyeupe. Nikampenda kwa moyo wote. Ndani ya mwezi mmoja na mimi nikiomba navuta pumzi vile vile, sauti nimeikwaruza mpaka koo linauma, na leso nimenunua. Wenzangu wakasema binti kapakwa mafuta. Siku alipoondoka mjini aliacha madeni kwa kina mama waliompikia wiki 3, mmoja wao ni mama yangu mdogo, na simu hakupokea tena. Nililia sana, na kilichoniliza zaidi ni kuwa nilipojikagua sikukuta kitu chochote nilichokipata kwake zaidi ya ile sauti. Kusamehe sijajua, kusoma Neno sijajua, ila kukwaruza sauti najua.

Kwa hiyo sikilizeni. Waebrania 13:7 inasema tuwakumbuke waliotuongoza, tuuchunguze sana mwisho wa mwenendo wao, alafu tuiige imani yao. Kuchunguza kumewekwa kabla ya kuiga. Na Timotheo, kabla Paulo hajamchukua safarini, Matendo 16:2 inasema alishuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio, miji miwili hiyo, sio kwao tu nyumbani.

Mambo ya kuchunguza ni ya kawaida kabisa. Anaongeaje na dada wa kazi nyumbani kwake. Duka la jirani anakokopa wanamsemaje. Akisahihishwa na mtu mdogo anakunja uso au anasikiliza. Mume wake, mke wake, watoto wake wakimsikia anahubiri wanatazama wapi, maana watoto hawajui kuficha. Akiwa na hela anakuwaje na akiwa hana anakuwaje. Usiulize kama anajulikana. Mtu anayekufaa inawezekana hajawahi kushika maiki maisha yake yote, yupo benchi la nyuma anafagia kanisa Jumamosi.

Na wale wa kwenye simu? Mi nasikiliza mafundisho ya simuni na nabarikiwa, sikatazi. Ila yule wa kwenye klipu hujawahi kumuona Jumatatu na yeye hajui kama upo duniani. Chukua mafundisho yake, mfano wa maisha utafute kwa mtu ambaye ukikosa ibada wiki 2 atakuja kugonga mlango.

Hatua ya 3. Msogelee kwa kazi.

Usiende ukamwambia mtu naomba unilee kiroho, wengi wanaogopa hilo neno, watakwambia mimi ni nani na watakukimbia. Omba kumsaidia kitu. Mimi nilimuomba bibi mmoja wa kanisani kwetu nimsaidie kukaanga samaki, hapo sina kazi na moyo umekufa kwa yale ya mhubiri. Akanitazama akasema shika hicho kisu, para magamba. Nimekaa na huyo bibi miaka 6, sasa hivi kapumzika kwa Bwana, na hajawahi hata siku moja kunikalisha akaniambia leo nakufundisha somo.

Niwape siku moja tu mjue ninachosema. Ilikuwa wakati wa kusi, upepo unapiga, tumekinga moto kwa vipande vya bati. Alinunua mnadani beseni la vibua, na kibua mnamjua, haraka sana anaharibika, anataka barafu muda huo huo. Kijana wa barafu akachelewa, kaja saa 6 mchana jua la utosi. Bibi akaanza kufunua mashavu ya samaki mmoja mmoja, likiwa jekundu anaweka kulia, likiwa limepauka anabonyeza tumbo, likibonyea lisirudi anaweka kushoto. Kushoto kukajaa. Mi nikamwambia bibi, hawa tukiwakoleza ndimu na swaumu na pilipili nyingi nani atajua? Hakunijibu. Akamgeukia yule kijana akamgombeza kwa maneno makali mbele za watu, akamtaja mpaka mama yake, kijana wa watu akainama. Alafu wale samaki wa kushoto akawamwaga wote, paka wakafaidi. Siku hiyo hatukupata faida, hata hela ya kuni ilitoka kwenye khanga yake.

Jioni tumefunga, giza limeingia, akaniambia nimulikie tochi ya simu twende kwa kina yule kijana. Tukapita vichochoroni mpaka kwao. Akabisha hodi, akamkuta mama mtu anapika, kijana amekaa kibarazani. Bibi mtu mzima yule, miaka sabini na kitu, akamwambia kijana nimekukosea, hasira za samaki nimekumalizia wewe, na mama yako nimemtaja vibaya, nisamehe baba. Alafu akamgeukia na yule mama akamuomba na yeye. Hao ni Waislamu, majirani zetu wa siku zote, yule mama alisimama na mwiko mkononi hajui aseme nini, akatuletea chai. Tulivyokuwa tunarudi bibi hakunihubiria chochote, alisema tu njia ina mawe angalia.

Hapo ndo nilipookoka upya kwa kweli. Mahubiri ya toba nimesikia mengi, lakini kabla ya siku ile sikuwahi kumuona mtu anatubu kwa miguu yake. Ndo maana nawaambia msogelee mtu kwa kazi, maana mimbarani huwezi kuona hiyo safari ya tochi.

Hatua ya 4. Chuja unachokiiga.

Hii watu wanairuka na ndo inayotuletea matatizo makubwa. Mtu unayempenda utamwiga hata bila kukusudia, kwa hiyo lazima ukae chini upembue kama mchele kwenye ungo. Kuna cha Kristo kilichomo ndani yake, kama ile kuomba msamaha, hicho chukua chote. Kuna utaratibu wake wa kukifikia hicho, mfano bibi alikuwa anaamka saa 9 usiku kuomba, mi nilijaribu nikawa nasinzia kwenye karai la mafuta ya moto ikawa hatari, nikahamishia maombi yangu saa 11 jioni nikimaliza kuosha vyombo, na Mungu ananisikia. Kuna cha kwake tu, anavyofunga kilemba, anavyokohoa, nyimbo anazopenda, hicho mwachie. Na kuna makosa yake, hayo usiyachukue na usiyapambe, bibi alikuwa na ulimi mkali mpaka mwisho na mimi ninao, nina vita nao.

Hapa Bagamoyo tuna historia inayofaa kwenye hili jambo. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868, wakalea watu na watoto waliokombolewa utumwani, ukienda pale misheni utaona kanisa na makumbusho na ule mbuyu. Mwaka 1877 walipofungua misheni ya bara kule Mhonda, upande wa Turiani, hawakupeleka mapadre peke yao, zilienda na familia za Wakristo waliolelewa hapa, wakaishi kule wakilima na kulea watoto, wenyeji wauone Ukristo unavyoamka asubuhi na unavyolala. Hilo nalipenda mno. Lakini vijiji vile viliendeshwa pia kwa kengele na ratiba na tabia za Ulaya, na watu wakaondoka na vyote viwili wamevifunga kwenye furushi moja, imani na desturi za aliyewaletea. Tumechukua miaka mingi kulifungua hilo furushi na bado hatujamaliza. Ndo maana nasema chuja mapema, na wewe unayelea wengine wasaidie wachuje, waambie kabisa hiki ni cha Yesu hiki ni cha kwangu.

Na msidhani kuiga vibaya ni kwa wachanga tu. Someni Wagalatia 2, Petro kule Antiokia alikuwa anakula na watu wa Mataifa, walipokuja watu kutoka kwa Yakobo akajitenga kwa kuogopa, Wayahudi wengine wakamfuata, na mstari wa 13 unasema hata Barnaba naye akachukuliwa. Barnaba! Huyo huyo aliyemchukua Sauli, ndiye Paulo mwenyewe, wakati kila mtu Yerusalemu anamuogopa akamleta kwa mitume. Kama mtu wa aina hiyo alibebwa na mfano wa Petro, mimi na wewe tujiangalie. Paulo akampinga Petro mbele ya watu wote, hakusema huyu ni mkubwa kwangu ninyamaze.

Nirudi kwenye ile haki ya kula niliyoanza nayo. Mwezi wa Ramadhani bibi alikuwa hawashi moto mpaka alasiri, anakaanga kwa ajili ya futari, na mchana kutwa hali wala hanywi maji mahali watu wanapita, ingawa hakuna sheria inayomkataza. Nikamuuliza kwa nini, akasema wenzangu wana kiu na mimi nikunywe mbele yao? Mpaka leo na mimi nafanya hivyo. Hicho ni cha Kristo, nimekichukua kizima.

Hatua ya 5. Akianguka uliyemfuata.

Lia, omba, ila usifunike. Kama ni ulimi au hasira, mwendee mwambie kwa heshima, shikamoo kwanza, alafu neno lako. Kama hasikii wapelekee wazee wa kanisa. Lakini kama ni kumshika binti wa watu, kumpiga mtu, kumharibu mtoto, hapo usiniletee habari za usimnyoshee mkono masihi wa Bwana, nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, na kwa mambo ya watoto kuna namba 116 unapiga bure. Kanisa lifuate baadaye na maombi yake. Nasema hivi kwa uchungu maana nimeona mabinti wameambiwa wanyamaze ili kazi ya Mungu isiaibike, na Mungu hajawahi kumtuma mtu amnyamazishe mtoto.

Imani yako isife pamoja na yeye. Alikuwa anakuonyesha njia, hukuwa unamwabudu, na njia bado ipo.

Hatua ya 6. Anza kumshika mtu mkono, hata kama hujaiva.

Usingoje cheo. Ukiwa umetangulia hatua 2 una cha kumwonyesha wa nyuma yako. 2 Timotheo 2:2 hesabu watu waliomo, Paulo anamwambia Timotheo, Timotheo awakabidhi watu waaminifu, nao wawafundishe wengine, hao ni wanne wamepangana kwenye mstari mmoja.

Chukua mmoja au wawili, usizidishe. Dada amlee dada, kaka amlee kaka, hii itawaepusha na mengi na midomo ya watu pia. Na mtafutie nafasi kwenye kazi zako unazofanya kila siku. Akila na Prisila walikuwa mafundi wa kushona mahema, Paulo alikaa kwao wakifanya kazi pamoja, alafu baadaye walipomsikia Apolo anahubiri vizuri ila kuna mahali amepungukiwa, hawakumsahihisha mbele za watu, Matendo 18:26 wakamchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi. Kwao! Nadhani kulikuwa na chakula pia.

Utaratibu ninaoutumia mimi, ubadilishe upendavyo. Mnakubaliana muda, tuseme miezi 6, kisha mtaangalia tena, usimfunge mtu bila mwisho. Kwa wiki mara moja mnakaa saa moja tu, kipande kifupi cha Injili, mnasoma mara 2 kwa sauti, alafu nauliza, Yesu hapa kafanya nini, na wiki hii wewe utafanya nini kinachofanana na hicho. Jibu liwe la kushikika, nitampigia simu dada yangu tuliyenuniana, sio nitakuwa na upendo. Wiki inayofuata kabla ya kusoma tunaulizana, ulimpigia? Na mimi naulizwa pia. Tunaombeana kwa kutaja majina na mambo, basi. Siku nyingine anakuja tu kazini, anakula nyumbani kwangu, ananiona.

Kumpa kazi nako kuna mpangilio, kama karai lenyewe. Binti akija kwangu siku za kwanza anapara magamba na kutazama. Akizoea anachanja na kupaka chumvi na ndimu mimi nikiwa pembeni. Alafu anakaanga mimi nasimama nyuma yake nafunga mdomo. Mwisho naenda zangu mnadani namwachia karai. Kitu kigumu zaidi kumfundisha ni kungoja, samaki akiwa bado ukimgeuza anang'ang'ania chini, ngozi inabaki kwenye karai, mteja anaona nyama tupu. Akiiva anajiachia mwenyewe, unasukuma kidogo tu anageuka. Na watu ndo hivyo hivyo, usimsimamishe mtu kutoa ushuhuda kanisa zima wiki ya 3 ya wokovu wake kwa sababu una haraka ya kuonekana umezaa matunda, nimeona waliogeuzwa mapema na ngozi yao imebaki pale pale.

Hatua ya 7. Akuone unavyotubu.

Hii ndo iliyonifanya niandike. Miaka michache iliyopita nilikuwa na binti, mzuri, mnyenyekevu, anajifunza haraka. Siku moja biashara ilikuwa mbaya, nilibakiwa na samaki aina ya changu wa jana, walikaa kwenye barafu hawajaharibika, ila ni wa jana. Akaja mama mmoja mteja akauliza hawa wa leo? Nikanyoosha mkono kuelekea baharini nikasema, wa leo hawa mama, wa alfajiri. Akanunua 2. Mi nikaona ni jambo dogo, samaki ni wazima, hakuna aliyedhurika, nikaenda kuosha sufuria.

Haijapita saa nzima nasikia nyuma yangu mteja mwingine anauliza, hawa wa leo? Na binti anajibu, wa leo hawa mama, wa alfajiri. Nikageuka. Mkono ameunyoosha baharini vile vile. Sauti yangu, mkono wangu, uongo wangu. Wapendwa, niliishiwa nguvu za miguu. Kila Jumatano nilikuwa nafundisha habari za ukweli, lakini somo aliloelewa vizuri kuliko yote ni lile sikulipanga, na alilielewa siku hiyo hiyo.

Nikakumbuka tochi. Nikamwita yule mteja kabla hajalipa, nikamwambia dada, hawa ni wa jana, walilala kwenye barafu, ukitaka nakupunguzia, usipotaka ni sawa. Akaondoka, hakununua. Alafu nikamwambia binti funga karai, twende kwa yule mama wa mwanzo, namjua anakaa nyuma ya stendi. Tukaenda kwa miguu, nikamrudishia hela yake yote binti akiwa amesimama pale anasikia kila neno. Yule mama alikasirika, akasema na kanisani ni nyinyi mnaosimama mbele. Nikasema ndiyo mama, ni sisi. Sikuwa na la kujitetea.

Njiani nikamwambia binti, nilichosema asubuhi ni uongo, wewe umeupata kwangu, nisamehe. Akaanza kulia akasema mama nilidhani ndo biashara inavyosemwa.

Sasa ukifanya kosa mbele ya unayemlea, fanya hivi. Taja kosa kwa jina lake, usiseme tu kama kuna mahali nimekukwaza. Fanya siku hiyo hiyo. Nenda kwa aliyekosewa kwanza na uende naye kama haitamwaibisha huyo aliyekosewa. Rudisha kinachorudishika. Usimwombe akutie moyo wala akwambie sio kitu, usimgeuze yeye awe mlezi wako. Na mambo mazito ya ndoa yako au ya hela zako mpelekee mtu mzima mwenzio, sio binti wa miaka 20. Hapo ndo utajua kama na wewe una mtu unayemfuata, maana kama huna, mizigo yako utaishia kumtwika mdogo.

Hatua ya 8. Usimmiliki.

1 Petro 5 inakataza kujifanya mabwana juu ya kundi, inasema tuwe vielelezo. Kwa hiyo usimchagulie mchumba, usimpangie mshahara wake, usimzuie kwenda kusikiliza mwingine, na ukimsikia anasema mama kasema kuliko anavyosema Neno linasema, mrudishe kwenye Injili ya Marko. Na akikuacha njiani usimtangaze vibaya. Yohana Marko aliwaacha kina Paulo huko Pamfilia, Paulo akakataa kwenda naye tena mpaka akagombana na Barnaba, ila mwishoni kwenye 2 Timotheo 4:11 anasema mlete Marko, ananifaa. Barnaba hakumtupa. Na Barnaba huyo huyo, mwanzoni Matendo inamtaja yeye kwanza, Barnaba na Sauli, ukifika katikati ya sura ya 13 inakuwa Paulo na Barnaba, na hatuoni popote amelalamika kuwa wa pili. Tumwombe Mungu hiyo neema, maana inauma kidogo wa kwako akikupita, mi nakiri inauma, alafu inageuka furaha.

Yule binti wa changu aliolewa, yupo Kiwangwa sasa hivi, wanalima mananasi na mume wake, na kanisani kwao amechukua kasichana kamoja anakaa nako. Wiki iliyopita alinipigia usiku, sauti ya chini. Mama, leo shambani nimemsema vibaya wifi yangu kwa maneno mabaya mabaya, na huyu binti alikuwa nyuma yangu na jioni nimemsikia anamsema wifi hivyo hivyo kwa jirani, nifanyeje? Nikamuuliza wifi yako anakaa mbali? Akasema hapana, nyumba ya tatu. Nikamwambia basi mwamshe binti achukue tochi, nendeni kabla wifi hajalala.